Gari Tupu Halisemi Ukweli

Solange mwanangu,

Barua hii nimeisokomeza ndani ya kiatu chako cha kulia kwa sababu nakujua. Ningeiweka mkobani ungeifungua baada ya kufika Kolwezi, tena baada ya wiki. Nataka uisome kesho asubuhi kabla hujanywa chai. Habari za hapa unazijua, uko chumba cha pili, nakusikia ukigombana na zipu ya sanduku. Usiivunje, sanduku ni la baba yako.

Mambo ya kufua, kupika na kufunga mlango kwa komeo sitayagusa. Shangazi zako wamekuwa wakiingia na kutoka tangu juzi, kila mmoja na mahubiri yake, na mmoja amekuletea hata mche wa sabuni kana kwamba Kolwezi watu huoga kwa mchanga. Mimi nitakuandikia habari ya pikapu. Ndiyo, hiyo hiyo. Najua mimi na wewe tumeishi muda mrefu kama watu waliokubaliana kwamba habari ile imekwisha. Haijakwisha, na mimi sikumbuki kukubaliana na mtu.

Naandika kwa sababu nikisema, napayuka. Baba yako hupenda kusema kwamba nikiomba chumvi mezani, majirani wote wa mtaa wa Panda, hapa Likasi, huleta. Nikipayuka wewe hunyamaza, na ukinyamaza mimi nazidi kupayuka, basi hakuna anayemsikia mwenzake. Jioni hii nimekaa barazani na kalamu, mwanga bado unatosha, na nimeapa sitanyanyuka mpaka nimalize.

Jumatatu utaanza kazi ya kuendesha magari ya watu. Ukoo mzima wa baba yako umeshatoa hukumu: msichana dereva, tena Kolwezi, tena kwenye njia za migodi! Waache waseme. Mimi niliendesha kabla yako na walisema hayo hayo, na samaki wa mto Lufira niliowabeba waliwala wao wakilamba vidole. Barabara siiogopi. Wanaume wa Kolwezi siwaogopi, wao ndio wakuogope. Ninachokiogopa ni kitu kimoja. Utapewa ufunguo wa gari usilolijua. Utasikia kitu kinagonga huko mbele, utaona usukani umelegea, utakwenda kwa mkubwa wa gereji, naye bila hata kuinuka kwenye kiti atakuambia ni kawaida, endesha tu. Hapo sijui utafanya nini. Naogopa kwamba utauamini mdomo wake na kuiacha mikono yako mwenyewe. Naogopa kwa sababu somo hilo ulilipata kwangu, kando ya kichuguu, njia ya Mwadingusha, na ulilishika haraka kuliko masomo yote ya baba yako ya hesabu.

Sasa ngoja nianze mwanzo, kwa maana kuna vipande ambavyo hukuviona.

Pikapu ile niliinunua Kasumbalesa, mpakani, ikitoka upande wa Zambia. Volan, yaani usukani, ilikuwa kulia kama zote zinazotoka kule. Wewe ulikuwa bado shule, ulikuja mbio kuiona, ukafungua mlango wa kushoto ukauliza usukani umeibiwa na nani. Sisi huku tunapita kulia kwa barabara, kwa hiyo dereva anatakiwa kukaa kushoto, na tangu nipate akili mafundi wa Katanga wanahamisha volan kutoka upande mmoja kwenda mwingine kama watu wanaohamisha kitanda. Nikampelekea Fundi Kasongo. Kasongo si fundi mbaya, na katika barua hii nzima sitakuruhusu umfikirie hivyo.

Alinieleza vizuri. Usukani hauendi kwenye magurudumu moja kwa moja. Unaingia kwanza katika boksi, bonge la chuma lililofungwa kwenye chasisi, ule uti wa mgongo wa gari. Boksi ndilo linalosukuma vyuma vingine, na vyuma hivyo ndivyo vinavyogeuza magurudumu. Waliotengeneza gari walikuwa wameiimarisha chasisi upande wa kulia, pale boksi lilipokaa. Upande wa kushoto palikuwa bati tupu. Kasongo alitaka kwanza apaongezee bamba nene, apitishe bolti ndefu kutoka huku mpaka huku, ndipo afunge boksi. Akasema hilo bamba itabidi alitafute Lubumbashi. Mimi nikamuuliza kama mahindi ya Lufira yanajua Lubumbashi iko wapi. Yalikuwa yameshavunwa, yako njiani yamerundikwa, na kila siku nilikuwa naona malori ya wengine yakiyachukua. Nikamwambia achomelee kipande alichonacho, mengine baadaye. Naijua methali ya haraka na baraka. Baba yako alinisomea wakati ule ule, nikamwambia akawasomee wanafunzi wake.

Kasongo akachomelea. Pikapu ikaenda, na ilienda vizuri, nisiseme uongo. Tulikula, ulilipiwa shule, paa likabadilishwa. Kelele ilianza baadaye kabisa, wakati sote tulikuwa tumeshasahau kwamba volan iliwahi kukaa kulia.

Unaikumbuka ile kelele. Tak. Upande wa kushoto, chini ya miguu ya dereva. Ukipita shimo, tak. Ukikata kona polepole ukitoka sokoni, tak. Kisha usukani nao ukaanza kulegea, unauzungusha kidogo na magurudumu bado hayana habari. Nikarudi kwa Kasongo. Akaweka jeki, akanyanyua gurudumu, akalishika juu na chini akalitikisa, akalishika kulia na kushoto akalitikisa tena. Akabadilisha rotili, vile viungo vyenye kichwa cha mviringo kama goti. Kelele ikabaki. Akabadilisha vile vipande vya mpira kwenye mikono inayobeba gurudumu. Kelele ikabaki. Akageukia skrubu iliyo juu ya boksi akaikaza, na hapo usukani ukawa mzito, ukimaliza kona haurudi wenyewe, inabidi uuvute kwa nguvu. Ulegevu ulionekana umepungua. Kelele ikabaki. Mwisho akachoka.

"Mama, ile kelele haiko kitu," akaniambia. "Motokari ya zamani inasemaka vile. Tembeza tu."

Nami nikatembeza. Sikiliza sasa, hapa ndipo penyewe. Ulegevu wa usukani hauji siku moja. Unakuja kidogo kidogo, na kila unapoongezeka mikono inajifunza. Mimi nilikuwa nakata kona kabla ya kufika kwenye kona. Njia ikinyooka, mikono yangu ilikuwa ikienda kushoto kulia, kushoto kulia, kama mtu anayebembeleza mtoto mgongoni, na sikujua kama nafanya hivyo. Niliona tu kwamba gari linakwenda sawa. Tena kiburi kikaniingia. Nilikuwa nawaambia wale mama wauza samaki niliokuwa nawabeba kwamba gari hili linanijua mimi, hakuna mwingine litakayemtii. Walicheka, wakanipigia vigelegele. Nilikuwa najisifu kwa ugonjwa wa gari, mwanangu. Fikiria upumbavu huo.

Kisha nikakupa wewe usukani.

Ulikuwa umeomba tangu zamani. Siku ile nilikuwa na maumivu ya bega, tukatoka Mwadingusha tumejaza samaki na mahindi na wale mama wameketi juu, na mwenzao Mama Bea mbele pamoja nasi kwa sababu ya miguu yake mibovu. Uliendesha vizuri. Nilikuwa nimeanza kusinzia. Nilichokisikia ni ule mshindo, na wewe ukipiga kelele, na majani yakigonga kioo, kisha kile kichuguu. Mungu anipe uzima wa kumshukuru kwa kichuguu kile, kwa maana nyuma yake palikuwa na korongo. Mama Bea alivunjika mkono. Samaki walitapakaa. Wewe ulikuwa umesimama pale, unasema, "Mama, minye nilikunja volan kwa wakati! Motokari njo ilikatala!"

Nami mbele ya watu wote, mbele ya wale mama unaowaita mama, nikasema yale niliyosema. "Weye hauna na mikono ya volan! Enda ushike kalamu, volan utuachie." Nimeyaandika hapa ili usifikiri nimeyasahau. Mtu akisema jambo kama lile huku anatoka damu puani huwa anasamehewa na wengine. Mimi sikutaka kusamehewa, nilitaka niwe nimesema kweli. Niliendelea kuamini kuwa nimesema kweli kwa siku nyingi.

Ulirudisha ufunguo mezani. Ukaenda Lubumbashi kwa mjomba wako, ukajifunza upya kwenye lori lake, ukapata leseni huko. Mjomba wako alinipigia simu kunisifia mikono yako, nikamwambia nina kazi nikakata. Nilikuwa na wivu. Na tangu siku ile hujagusa usukani wa pikapu yangu. Ukirudi likizo, tukienda mahali, unapanda nyuma na magunia hata kiti cha mbele kikiwa wazi, hata mvua ikinyesha. Nakuona kwenye kioo ukiwa umejifunika turubai. Unafikiri sioni?

Haya. Ulipokuwa umeondoka kwenda kwa mjomba wako, hapa nyumbani waligeuka madaktari wa magari. Baba yako mdogo Kabwe alisema gari limechukia kuendeshwa na wanawake. Wengine wakasema tumefanyiwa kitu. Pasta akaja, akapaka mafuta kwenye boneti na kuomba kwa sauti kubwa. Sikumkatalia, sala haijawahi kuharibu gari. Ila mafuta aliyapaka juu, na ugonjwa ulikuwa chini.

Aliyenifumbua macho ni Mama Bea. Alikuja mkono ukiwa umefungwa shingoni, akakataa kiti, akasimama hapa hapa barazani.

"Mama Solange," akasema, "minye nilikuwa pembeni ya mutoto. Niliona mikono yake na macho yangu. Alikunja volan mbele ya shimo. Mipira ya motokari njo ilichelewa. Unataka kutukana? Tukana motokari."

Nikamjibu kwa ukali, sikumbuki nini. Hakujali. Alipokuwa anaondoka akageuka. "Tena ile kelele hatuisikiaka kama tuko batu babili. Tunaisikiaka kama tumejaa."

 Mwanamke aliyevunjwa mkono na gari langu amekuja kwa miguu kumtetea mtoto wangu, na mimi niliyemzaa nilikuwa upande wa gari. Niliona aibu. Kisha nikaanza kufikiri lile neno la mwisho. Kweli, pikapu ikiwa tupu, watu wawili tu ndani, ilikuwa kimya au ikinong'ona tu. Na gereji siku zote tuliipeleka tupu. Nani katika Likasi anapeleka magunia ya mahindi gereji? Yatarudi yamekonda. Kila mtu hushusha mzigo nyumbani kwanza, ndipo aende kwa fundi. Kwa hiyo Kasongo alikuwa akilichunguza gari lisilo na kitu mgongoni, tena amelinyanyua kwa jeki, miguu inaning'inia hewani. Ungeninyanyua hata mimi kitandani ukaniuliza kama mgongo unauma, ningekuambia hauumi.

Asubuhi yake nikapakia magunia yote yaliyokuwa ghalani. Sikuweka jeki. Nikayazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe makubwa, nikahakikisha injini imezimwa, nikatandika gunia chini nikaingia uvunguni na gauni langu la nyumbani. Nilihitaji mtu wa kukaa kwenye usukani. Alikuwepo baba yako peke yake, ambaye unajua anaogopa gari hata likiwa limezimwa. Nikamwambia azungushe kidogo kushoto, kidogo kulia, asifike mbali, asiache. Akawa anazungusha kama mtu anayesonga bukari kwa mwiko sufuriani, huku ananiuliza kila mara kama bado niko hai.

Sasa jambo la kufanya ukiwa chini ni hili. Usitegemee macho, macho yanadanganywa na grisi na matope. Weka kiganja juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine, huku usukani unaenda na kurudi. Kiungo kizima kinageuka chini ya mkono wako bila neno. Kilichokufa utakisikia kinaruka mkononi, kidogo tu, kama moyo wa kuku uliyemshika. Nilianza kwenye gurudumu la kushoto nikarudi ndani. Rotili zilikuwa nzima, Kasongo alizibadilisha kweli. Chuma cha katikati kizima. Mkono unaotoka kwenye boksi mzima. Nikafika mwisho, hakuna kitu tena, nikakata tamaa, na kwa kuchoka tu nikaegemeza kiganja kwenye boksi lenyewe. Tak. Boksi lilikuwa linatembea. Kile kitu kilichotakiwa kuwa kimetulia kama msingi wa nyumba kilikuwa kinakwenda mbele na nyuma kabla chochote kingine hakijasogea.

Nikachukua kitambaa nikafuta uchafu pembeni mwa ile kazi ya kuchomelea. Palikuwa na mstari mwembamba, na unga mwekundu wa kutu ukitoka ndani yake. Chasisi ilikuwa imepasuka. Ikiwa tupu ufa ulijifunga, ikiwa na mzigo ulifunguka. Ulipozungusha usukani siku ile, mwanangu, ulilisukuma boksi, na boksi likasukuma hewa. Hakuna binadamu ambaye angelizuia gari lile njiani. Mimi niliweza kwa muda kwa sababu nilikuwa nimeshaharibika pamoja nalo.

Nilipiga kelele kule chini mpaka baba yako akaruka nje. Nilipotoka akaona jinsi nilivyo, akaona niliyomwonyesha, akafungua mdomo. Nilijua anachotaka kusema, ile ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamwambia akiithubutu nitamwacha. Akaenda akaniletea maji.

Sikuliendesha gari tena hata mpaka barabarani. Nilimwita Kasongo aje. Alikuja anacheka, akasema yale yale kwamba ni kawaida. Nikamwonyesha gunia pale chini. Akalala, akaweka mkono, baba yako akasonga bukari yake. Kasongo akalipapasa boksi, kisha ule ufa. Alipotoka hakunitazama.

"Mama, ni mukono yangu," akasema. "Minye njo nilifanya."

"Na haraka ilikuwa yangu," nikamjibu.

 Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Kasongo alitafuta kosa katika kila chuma cha gari lile isipokuwa pale alipoweka mkono wake mwenyewe. Nami nilimtafuta mwenye kosa katika watu wote waliopanda gari lile, nikakupata wewe, uliyekuwa mdogo kuliko wote na karibu kuliko wote. Hatukuwa waovu. Tulikuwa tunaangalia mbali tu.

Baba yako mdogo Kabwe alikuja jioni ile ile, habari zilishafika. "Shemeji," akaniambia, "piga soudure, chomelea juu ya ule ufa, paka rangi nyeusi. Niko na mutu wa Kambove, ananunua kesho. Nani ataangalia chini?" Nikamuuliza kama huyo mtu ana watoto. Akasema atajuaje. Nikamwambia basi huyo naye ana watoto mpaka utakaponionyesha kwamba hana, na gari langu halitoki uani likiwa na uongo uliopakwa rangi. Aliniita mwanamke wa kichwa kigumu. Nikamshukuru. Pikapu ikakaa juu ya mawe msimu mzima. Kasongo alikata ile sehemu yote mbovu, akaweka bamba nene la Lubumbashi ndani na nje, akapitisha bolti kwenye vipande vya bomba ili chasisi isibonyee zikikazwa. Safari hii nililala naye chini mpaka bolti ya mwisho, na kila alipotaka kuharakisha nilimwambia apumzike anywe maji. Mahindi ya msimu ule yalibebwa na wengine. Shangazi zako waliniletea unga kwa huruma, nikaupokea nikiwa nimenuna.

Kisha nikakupigia simu. Nilikuwa nimejiandaa, nimekaa. Nikasikia sauti yako, nikasema "pikapu imepona," nikakata. Ndivyo mama yako alivyo. Usiku nikajiambia kwamba ni mtoto mwerevu, ataelewa mwenyewe. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko la mahindi, maana ufa wa chasisi niliutafuta, huu wa kati yetu nikaupaka rangi.

Basi soma. Ulikuwa na haki. Ulikata usukani kwa wakati wake. Mikono yako ilikuwa mizima siku ile, na macho yako, na akili yako, na ulilolisema kando ya kichuguu lilikuwa kweli tupu kuliko lolote lililosemwa pale. Uliyatambua maradhi ya gari kabla ya fundi na kabla ya mwenye gari. Inaniuma kwamba niliyekufanya uyashuku hayo ni mimi. Inaniuma hata sasa ninapoandika, wala sitaki iache kuniuma.

Kwa hiyo huko uendako usiwe mtoto mwenye adabu juu ya jambo hili. Kwingine kote uwe na adabu, hapa hapana. Ukisikia kugonga, ukiona usukani umelegea, usilikubali neno kawaida kutoka kwa mtu yeyote ambaye hajachafua mgongo. Dai gari lichunguzwe likiwa na mzigo wake na likiwa limesimama kwa miguu yake. Wakikaza tu skrubu ya boksi na kukurudishia, wametuliza kelele za dereva, hawajatibu gari. Tafuta zaidi mahali ambapo mtu amewahi kuchomelea, na hasa kama mtu huyo bado yupo na anajivuna. Na mikono yako ikianza kulizoea gari bovu, ikianza kubembeleza kushoto kulia bila wewe kujua, ujue hujawa dereva hodari. Simamisha gari.

Wakikuambia endesha au uende kwenu, njoo kwenu. Usipige hata simu kuuliza. Nyumba ipo, bukari ipo, na baba yako atafurahi kupata mtu wa kumsomea methali. Watakaosema Solange ameshindwa kazi, niachie mimi. Sauti hii Mungu hakunipa kwa ajili ya kuomba chumvi tu.

Mwanga unakwisha na bado sijasema la kesho. Ulidhani baba yako mdogo Kabwe ndiye atakayetupeleka. Nimemwambia asije. Pikapu iko uani, nimeshapakia magunia ya unga ya kuuza Kolwezi, mzigo wa kutosha. Ukiniuliza, nitakuambia gari ni zima. Usiniamini. Tandika kitu, lala chini, weka kiganja chako popote unapotaka, na ukipata hata kiungo kimoja kinachoruka, hatuondoki.

Usipopata, ufunguo uko kwenye gari. Mimi nitakuwa nimekwisha kukaa kiti cha abiria, mkoba mapajani, mkanda nimefunga. Ukipanda nyuma na magunia, nitabaki nimekaa hapo hapo mpaka jua lizame, na majirani watapata cha kusema wiki nzima. Lakini ukishika usukani, nami njiani nikathubutu kutamka kata, punguza, au angalia shimo, simama pale njia inapogawanyika Nguba, unifungulie mlango, unishushe, uendelee peke yako. Pikapu nitakuja kuichukua siku nyingine. Malori ya makaa yanapita pale kurudi Likasi, nitafika nyumbani.

Mama yako